Nimekula kiwanja kwa usiku mmoja

Wiki hii nyumbani kwangu nimenuniwa siku nne na ya tano ndiyo nimesamehewa nusu. Nusu iliyobaki naambiwa italetwa kwa awamu.

Kosa langu ni moja tu. Nimekula kiwanja.

Sisemi kiwanja cha starehe, washikaji, kile mnachokwenda Ijumaa usiku na kurudi Jumamosi mkinuka moshi. Nasema kiwanja cha kujenga nyumba. Hatua 20 kwa 20, kule Kigamboni ndani ndani, chenye mikorosho miwili na mbigiri za kutosha. Nimekula kipande chake kwa mayai ya kukaanga na juisi ya pasheni, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha ngozi, naangalia bahari. Tulieni niwape mkasa wenyewe.

Mimi na mama Zulfa tumeoana mwaka wa kumi huu. Tumepanga vyumba viwili Kigamboni, na kila asubuhi tunavuka na pantoni kuja mjini. Yeye ni fundi cherehani, ana meza yake Kariakoo. Mimi kazi yangu mnaijua, kuandika haya mnayosoma na kusubiri mshahara. Sasa ukiwa kwenye pantoni, pale katikati ya maji, ukigeuza shingo upande wa Kivukoni unayaona yale majengo marefu yenye vioo. Moja lao ni hoteli, ile ya wazito. Jina silitaji, msije mkadhani wamenilipa. Ningefurahi sana kama wangenilipa, maana mimi ndiye niliyewalipa.

Siku moja tumesimama kwenye pantoni, jua linapiga, kuku wa mtu ananidonoa kwenye kiatu, mama Zulfa akaitazama ile hoteli kwa muda mrefu. Akasema, "Hivi baba Zulfa, mle ndani watu wanalala kweli, au wanakaa macho usiku kucha waangalie bahari ili wasipate hasara?"

Akacheka mwenyewe, akainua mkoba wake, tukashuka. Yeye alisahau palepale. Mimi lile neno likaniingia kama mwiba wa changu.

Unajua wanaume tulivyo. Mkeo akiomba kitu unakasirika. Asipoomba, akitamani tu kwa mzaha, unakosa usingizi. Miaka kumi yule mama ameshona sare za shule za watoto wa wenzake, ameshona magauni ya harusi za watu, na harusi yetu wenyewe tulimalizia kwa pilau la kwenye sinia tatu na soda za kuhesabu. Fungate tulikula kwa shangazi yake Mbagala, chumba kimoja na watoto wawili wa shangazi. Nikasema hapana, mwaka huu lazima.

Nikapiga simu hotelini. Dada mmoja mwenye sauti kama ya redio akaniambia chumba chenye kutazama bahari, usiku mmoja wa Jumamosi, watu wawili na kifungua kinywa, kodi ndani yake, ni shilingi 460,000. Akanieleza kabisa kwamba hiyo ndiyo nafuu, kwa sababu hoteli za katikati ya mji zinajaa siku za kazi kwa watu wa mikutano na biashara, mwisho wa wiki vyumba vinabaki. Nikamwambia, "Sawa dada, niandikie." Nikakata simu, mkono unatetemeka kama nimeagiza ndege.

Fedha ziko wapi sasa? Hapo ndipo kasheshe lilipoanzia.

Kile kiwanja tunakilipa 250,000 kila mwezi kwa miezi 24, jumla milioni sita. Laki moja na nusu natoa mimi, laki moja anatoa yeye, ya jasho la cherehani. Anaituma kwenye simu yangu, mimi naunganisha na yangu, namtumia mwenye kiwanja. Mwezi uliopita sikutuma. Nilijiambia nitatuma wiki ijayo. Mwezi huu ukaingia, ya pili ikaingia, na mimi nikawa na 500,000 kwenye simu, zimetulia, zinanitazama. Mwanangu, fedha iliyotulia kwenye simu ya mwanaume ni kama kitumbua mbele ya mtoto.

Nikamwambia mama Zulfa kwamba nimeshinda. Nikasema kampuni ya simu ilikuwa na promosheni, wamenipigia, zawadi ni kulala hotelini na mwenza wako. Alinitazama, akasema, "Wewe? Wewe ambaye hujawahi kushinda hata mechi ya draft?" Lakini uso ulikuwa umeshafunguka kama ua. Nikaona uongo wangu una faida, nikaendelea nao.

Jumamosi tukamwacha Zulfa kwa mdogo wake mama, tukavuka. Mama Zulfa alikuwa amevaa gauni la kitenge alilojishonea usiku wa Alhamisi, limekaa mwilini kinoma. Mimi suruali ya kitambaa, na viatu nimepaka rangi mpaka vinaona haya. Tatizo lilikuwa begi. Begi letu zuri zipu ilikuwa imeng'oka, ikabidi tubebe shangazi kaja, lile la miraba ya bluu na nyekundu. Tukashuka na bodaboda mbele ya hoteli ya nyota tano, na shangazi kaja katikati yetu.

Mlinzi akatuangalia, kisha akaliangalia begi. "Habari zenu. Mnaelekea wapi?"

"Ndani," nikajibu.

"Ndani kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nyuma yetu likaja gari, wakashuka wazungu wawili, mmoja kavaa kandambili na bukta, wakapita moja kwa moja, hakuna aliyewauliza wanakwenda kwa nani. Mie mwenye viatu vya rangi nimesimama natafuta jina la mwenyeji wangu katika mji niliozaliwa. Mama Zulfa ndiye aliyeokoa jahazi. Akamwamkia yule kijana vizuri, akamwambia, "Mwanangu, tumekuja kulala. Lisaidie hilo begi, lina khanga za watu." Kijana akaona aibu, akalichukua, akatusindikiza mpaka mapokezi.

Mapokezi nikajifanya msomi. Dada akasema habari zetu kwa Kiingereza, mimi nikamjibu kwa Kiingereza, yeye akaongeza, mimi nikapunguza, mpaka tukafika mahali ananiuliza kitu nami nasema "yes" na hicho kitu sikijui. Kumbe ananiuliza kama nina kadi ya benki ya kuzuia dhamana. Hapa niwaambie vijana wenzangu, hili hawalisemi kwenye simu. Ukiingia hoteli hizi, mbali na bei ya chumba wanashika fedha ya dhamana, endapo utakunywa vitu vya kwenye friji au kuvunja kitu. Mwenye kadi wanaizuia humo kwenye kadi. Asiye na kadi anaweka taslimu, anarudishiwa akiondoka na chumba kikikaguliwa. Yangu ilikuwa laki moja.

Nilikuwa na 40,000 iliyobaki kwenye zile za kiwanja na 60,000 niliyomkopa mshikaji wangu wa kijiweni. Lakini ngoma ni kwamba nikitoa fedha pale, zawadi ya promosheni iko wapi? Nikamwambia mama Zulfa, "Hebu kawaangalie wale samaki kwenye kioo." Akaenda. Nikahesabu noti fasta kama naiba. Yule dada naye, Mungu amsaidie, akaona nimetoka jasho, akahamia kwenye Kiswahili na kusema kwa sauti nzuri ya kusikika mpaka kwa samaki, "Asante sana kaka, malipo ya chumba tumeyapata yote kwenye simu yako, 460,000!"

Nikageuka. Mama Zulfa alikuwa amewainamia samaki. Nikajua hakusikia.

Chumba kilikuwa ghorofa ya sita. Tumefungua mlango kwa ile kadi, tumeingia, giza. Nabonyeza swichi, hakuna. Nikasema moyoni, hata huku umeme unakatika? Nikajiandaa kupiga simu mapokezi nilalamike. Mama Zulfa akanyang'anya kadi mkononi mwangu, akaichomeka kwenye kitundu ukutani, chumba chote kikawaka. "Umejuaje?" Akasema, "Kina umbo la kadi." Huyo ndiye fundi.

Na kama fundi, kitu cha kwanza alichofanya ni kupima. Akavua viatu, akakanyaga zulia kwa hatua zake, kutoka mlangoni mpaka dirishani sita, kutoka kitandani mpaka ukutani tano. "Thelathini," akasema. "Chumba kimoja tu hiki, baba Zulfa. Vyumba vyetu viwili vyote vinaingia humu, na mkaa unabaki na pa kukaa." Mito kitandani ilikuwa sita. Tukawa tunaulizana mingine ni ya nani.

Halafu akavuta pazia.

Washikaji, nisiwadanganye, nimeuona mlango wa bandari ile maisha yangu yote, lakini sikuwa nimewahi kuuona. Kutoka juu unaona maji yanavyobadilika rangi, kijani pembeni, bluu katikati pale palipo na kina. Ilikuwa inaingia meli ya makontena, ndefu kama mtaa, na tagi mbili zinaikokota taratibu kama watoto wanaomshika babu mkono, maana mlango wenyewe ni mwembamba, meli inapita utadhani itagusa ufukwe wa Kigamboni. Boti ya Zanzibar ikatoka, ikaacha mstari mweupe.

Ndiyo maana kila mwenye nguvu aliyefika hapa alitaka kukaa upande huu wa maji. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji huu miaka ya 1860, alianzia kwenye ukingo huu huu. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, nao wakajipanga mbele ya bandari, na hoteli yao ya Kaiserhof ilikuwa pale ilipo New Africa leo. Mwaka 1965, nchi ikiwa bado changa, ikafunguliwa Hoteli ya Kilimanjaro, fahari ya mji mzima wakati ule, ikaja kufungwa na kufunguliwa upya mwaka 2005 baada ya matengenezo makubwa. Marehemu baba alikuwa anaipita kila siku kwa miguu akishuka Feri kununua dagaa. Alikuwa anatuonyesha kwa kidole, "Ile ndiyo Kilimanjaro," kama anatuonyesha mlima wenyewe. Kuingia hakuwahi, na hakuna aliyemkataza. Hakuwahi tu kufikiri kwamba mlango ule unamhusu.

Mama Zulfa akaniita. "Njoo uone." Chini kabisa ilikuwa inavuka pantoni. Kutoka juu ni kama sinia, na watu juu yake kama punje za mchele zilizomwagikia rangi. Huwezi kumjua nani ni nani, huoni nani kachoka, nani kabeba ndoo ya samaki kichwani. Akanyamaza muda. "Kumbe kila siku tunaonekana hivi," akasema. Sikujua kama amefurahi au ameumia. Nikafungua friji kubadilisha mazungumzo, nikaona bei ya karanga, nikaifunga taratibu kama nafunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Chakula cha usiku sitawaficha. Tuliteremka mgahawani, tukakaa, tukafungua kile kitabu cha vyakula. Bei ni kwa shilingi, siku hizi huwezi kujificha kwenye dola, maana tangu mwaka 2025 serikali imekataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Zamani ungejidanganya, ungesema ishirini na tano si nyingi. Sasa unaiona laki na masifuri yake yote yamejipanga. Sahani ya samaki mmoja na viazi vinne ilikuwa inakaribia mfuko wa saruji mara nne. Nikamwambia mama Zulfa, "Mimi nahisi kutaka kupunga upepo." Akasema, "Hata mimi naona upepo wa nje una chumvi nzuri." Tukatoka na heshima zetu, tukaenda kando ya bahari, tukala pweza na mihogo ya kukaanga yenye pilipili, tukarudi kwenye lifti tunanuka pweza, tumesimama na mzungu mmoja anayenuka manukato. Akavuta pumzi, akauliza kwa Kiingereza kile ni nini na kinapatikana wapi, maana kinanukia vizuri. Tulimwelekeza.

Usiku mama Zulfa alilala palepale, mikono ameitandaza kama aliyeanguka kutoka juu. Mimi macho. Kitanda laini mno kwa mtu mwenye deni. Nilikaa dirishani naziangalia taa za Kigamboni ng'ambo, na kila taa naiona kama ya mwenye kiwanja, ananitafuta na tochi.

Asubuhi akaja dada wa usafi kugonga mlango kwa bahati mbaya. Akamkuta mama Zulfa anatandika kitanda. "Mama, acha, hiyo ni kazi yangu!" Mama Zulfa akasema hawezi kuacha kitanda hivi mtu mwingine akakiona. Wakakivuta shuka pamoja, mmoja huku mmoja kule, wakiongea. Kumbe yule dada naye anakaa Kigamboni, anavuka na pantoni ya saa kumi na moja alfajiri. Anasafisha vyumba kama kumi na vinne kwa zamu moja. Mama Zulfa akamuuliza, "Na wewe umeshawahi kulala humu?" Akacheka. "Mama, mimi nikikaa tu kwenye hicho kitanda nafukuzwa." Mie nikaingia kuoga, maana yale mazungumzo yalikuwa yananibana.

Nikaacha simu kwenye chaji, karibu na mto wake. Ndugu zangu, mwizi hukamatwa na vitu vidogo.

Nilipotoka bafuni nimejifunga lile joho jeupe, naona mama Zulfa amekaa kitandani, amevaa, mkoba mapajani. "Twende tukale," akasema. Ile sauti. Mwenye mke anaijua.

Kifungua kinywa kilikuwa bomba kweli. Meza ndefu kama ya mkutano, mikate ya kila aina, matunda yamechongwa, mpishi amesimama anakukaangia yai unavyotaka wewe. Mama Zulfa akachukua sahani, akaijaza. Akakaa mbele yangu, akakata soseji, akaiinua kwa uma.

"Hii," akasema, "ni kizingiti."

Nikazuga sikuelewa. Akakata yai. "Hili ni dirisha la mbele." Akanywa juisi. "Hii ni ndoo mbili za rangi. Kula baba Zulfa, mbona huli? Kiwanja kitamu."

Yule mwenye kiwanja alikuwa ametuma ujumbe saa moja asubuhi, kwamba ndugu mteja, awamu ya mwezi uliopita na ya mwezi huu hazijapokelewa, tafadhali wasiliana nasi kabla mkataba haujaangaliwa upya. Akausoma. Na ile 460,000 ya mapokezi kumbe aliisikia vizuri tangu jana, samaki na wote. Alikuwa ananisubiri nimwambie mwenyewe. Alinisubiri kwenye dirisha, akanisubiri kwenye pweza, akanisubiri mpaka usingizi ukamchukua.

"Milioni sita gawanya kwa hatua mia nne," akaendelea, taratibu, kama anampimia mteja kiuno. "Hatua moja ya mraba ni 15,000. Umelipa 460,000. Hatua thelathini na ushee. Unakumbuka jana nilipima kile chumba? Thelathini. Tumelala kwenye chumba cha Zulfa, baba Zulfa. Tumekilalia usiku mmoja, sasa hivi tunakimalizia na chai."

Nilitaka kucheka, machozi ndiyo yakawa yanakuja. Nikaanza kujitetea, kwamba nilitaka afurahi, miaka kumi, fungate ya Mbagala. Akaniacha niseme yote. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba wiki nzima.

"Mimi sikatai kuja. Nimefurahi, Mungu ananiona. Lakini laki mbili humu ni zangu, na sikujua. Ungeniambia, labda ningekataa, labda ningesema potelea mbali twende. Lakini ningekuwa nimekuja mwenyewe. Wewe umenileta kama lile begi. Yule mlinzi jana umemkasirikia kwa kukuuliza unakwenda kwa nani. Mimi hata kuniuliza hukuniuliza."

Sikuwa na la kusema. Nilimtazama mpishi wa mayai, naye akaangalia pembeni, kama vile kayasikia yote.

Basi, tukala. Alisema maadamu kimeshalipiwa, hatuachi hata tofali. Tukarudi mara tatu kwenye ile meza. Saa tano na nusu tukashusha shangazi kaja, wakakagua chumba, wakanirudishia laki yangu ya dhamana. Mkono wa mama Zulfa ulifika kabla ya wangu. Akahesabu, akaitia kwenye mkoba. "Hii inaanza kurudi Kigamboni," akasema. Yule mlinzi wa jana akatufungulia mlango, akasema, "Karibuni tena, mama." Kwangu mimi akatikisa kichwa tu, utadhani naye amepata habari.

Mwenye kiwanja nimempigia. Amekubali tulipe zile awamu mbili kwa vipande, ndani ya miezi mitatu, na faini kidogo juu. Lile sabufa langu, mnalolijua wale mnaokuja kwangu kuangalia mpira, limekwenda. Mshikaji wa kijiweni anadai 60,000 zake na ananiangalia vibaya. Na fedha za kiwanja sasa zinakaa kwa fundi. Natuma yangu kwake tarehe moja, ananijibu kwa neno moja, "Imefika."

Sasa ninyi vijana mlio kwenye mapenzi, najua mtaniuliza, je, twende au tusiende? Nendeni. Mji ni wetu, na ile milango inatuhusu. Nendeni mwisho wa wiki au wakati wa masika, bei inalegea kwa kuwa wageni wanapungua. Ulizeni kabisa kama bei mnayotajiwa ina VAT yake ndani, maana ikiongezwa juu mapokezi inauma. Ulizeni dhamana ni kiasi gani. Kadi ichomekeni kwenye kitundu. Friji msiifungue. Na mkisalimiwa kwa Kiingereza, jibuni kwa Kiswahili, hakuna atakayewafukuza. Ila kabla ya yote hayo kaeni wawili, wekeni fedha mezani, mhesabu pamoja, kila mtu ajue analala juu ya nini.

Jumapili ile tulivuka na pantoni ya saa saba mchana. Imejaa, jua, kelele, mtu kabeba kabati. Mama Zulfa akageuza shingo upande wa Kivukoni, akaanza kuhesabu madirisha ya ile hoteli kutoka chini, moja mpaka sita, kisha kutoka kushoto. "Lile pale," akasema. Nikatazama, nikaliona. Kulikuwa na mtu amesimama, anaangalia chini, kwetu. Mama Zulfa akainua mkono akampungia.

"Zulfa akiuliza tulikwenda wapi," akaniambia, na ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu tuondoke hotelini, "mwambie tulikwenda kuangalia ukubwa wa chumba chake."

Akaninunia tena mpaka Alhamisi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.